Besi ya Mtumba Inapovuma na Kukwaruza: Pa Kuanzia Kabla ya Kutoa Pesa

Kanisa likinunua vyombo vipya, vile vya zamani havitupwi. Huuziwa kijana wa kwaya, naye akishapata bora humuuzia mwenzake, na hivyo ndivyo magitaa mengi ya besi yanavyozunguka Nakuru. Mengine hupanda kutoka Mombasa yakiwa yameshaliwa na chumvi ya bahari. Mengine huja kwenye sanduku la ndugu aliyerudi kutoka Marekani. Mnunuzi wa mtaa wa Milimani huipandisha besi yake hadi nyumbani, huichomeka kwenye ampu, na kabla ya chakula cha jioni ameshajua kwa nini bei ilikuwa nafuu: inavuma hata isipopigwa, kitufe cha sauti kinakwaruza, au nyuzi mbili kati ya nne zimefifia.

Hapo marafiki huanza kumshauri anunue pikapu mpya. Huo ni ushauri wa gharama kubwa na mara nyingi si sahihi. Pikapu ni kile kidude cha sumaku kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba, kinachokaa chini ya nyuzi na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme. Hakina kinachozunguka ndani yake wala kinachochomekwa, na kinaweza kudumu miaka 50 na zaidi. Vinavyoharibika ni vile vinavyokanyagwa, kuchomolewa na kuzungushwa kila siku: kebo, tundu la kuchomekea, betri, vitufe. Kwa hiyo fuata njia moja tu. Anzia ukutani kwenye soketi, ufuate stima hatua kwa hatua hadi kwenye nyuzi, na pikapu iwe ya mwisho kushukiwa. Ukiishika njia hiyo, besi nyingi zitapona kwa bei ya betri moja na kopo la dawa ya kusafishia.

Stima kwanza

Naanza na jambo linaloweza kuua. Stima ya nyumbani Kenya ni volti 240, na plagi yetu ina pini tatu. Ile ndefu ya juu ni ya athi. Kazi yake ni kwamba waya wenye stima ukigusa bati la ampu kwa ndani, stima itoroke kwenda ardhini na fyuzi ikatike, badala ya kumsubiri mtu wa kugusa.

Mpigaji besi, kama mpiga gitaa, anahusika na athi kuliko wanamuziki wengine jukwaani. Nyuzi zake zimeungana na daraja la chuma, daraja limeungana kwa waya na tundu la kuchomekea, na kebo inalifikisha hilo hadi kwenye bati la ampu. Kwa maneno mengine, muda wote anaopiga ameshika mwili wa ampu kwa mikono miwili. Ampu ikiwa na hitilafu na athi haipo, nyuzi zina stima. Akisogea kuimba na midomo yake ikagusa maikrofoni iliyounganishwa na athi nzuri, yeye mwenyewe ndiye anakuwa waya. Inaweza kuwa kinyume pia, maikrofoni ikawa ndiyo yenye stima. Mwaka 1972 Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Uskoti iitwayo Stone the Crows, alifia jukwaani mjini Swansea, Wales, baada ya kugusa maikrofoni ambayo haikuwa na athi.

Kwa hiyo ile tabia ya kuchokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie isiletwe kwenye ampu hata siku moja. Ampu iliyokatwa pini ya athi haipigwi mpaka ibadilishwe plagi. Ukihisi mtekenyo vidoleni au mdomoni, zima ukutani, uchomoe, usiendelee kupiga “kwa sababu ni kidogo tu.” Nyumba za zamani za Milimani ni nzuri, lakini nyaya zake zina umri. Kama hujui hali ya athi ya nyumba yako, mwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, aipime. Kwenye mikutano ya nje inayotumia jenereta, swali ni lilelile: athi iko wapi?

Ampu iliyoletwa kutoka Marekani isomwe nyuma kabla ya kuchomekwa. Ikiwa imeandikwa volti 120, inahitaji transfoma ya kushusha stima. Ukiichomeka moja kwa moja itaungua. Na usiifungue ampu mwenyewe, hata ikiwa imechomolewa, maana kapasita kubwa za ndani hubaki na chaji inayoweza kumtupa mtu. Besi ni tofauti. Ikiwa imechomolewa kwenye ampu, ndani yake hakuna cha kukudhuru: ama hakuna stima kabisa, ama kuna betri ya volti 9. Ifungue bila hofu.

Ukiwa bado kwa muuzaji

Nenda na kebo yako unayoiamini, betri mpya ya volti 9 na bisibisi ndogo. Omba ichomekwe. Piga kila uzi ukiwa wazi kisha ukipanda hadi fireti ya 12. Zungusha kila kitufe kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, ukisikiliza. Tikisa plagi ndani ya tundu lake. Kisha punguza sauti ya ampu, ushike bisibisi ya chuma, ugonge kwa wepesi sana juu ya kila pikapu: ikiwa hai utasikia “tok” kwenye spika.

Muuzaji akisema, “Hiyo ni waya tu imelegea, boss,” huenda anasema kweli. Basi mwombe kwa upole aipeleke kwa fundi irekebishwe kwanza. Kama kweli ni waya tu, fundi atamaliza kabla chai haijapoa na bei itabaki ile ile. Akikataa, bei ishuke kana kwamba besi haina umeme wowote ndani, kwa sababu hicho ndicho unachonunua.

Kebo, kisha tundu

Kebo ndiyo mshukiwa wa kwanza daima. Badilisha kebo kabla ya kugusa kitu kingine chochote, na kama kuna gitaa jingine linalofanya kazi, lichomeke kwenye ampu hiyo hiyo kwa kebo hiyo hiyo. Kwa majaribio hayo mawili utakuwa umeshajua kama tatizo liko ndani ya besi au nje yake. Nashangaa ni watu wangapi hufungua besi kabla ya kufanya hivyo.

Ikiwa liko ndani, fungua bati au kifuniko kinachoshika tundu la kuchomekea. Utaona pete ya chuma iliyofungwa kwa nati, na ubavuni mwake ulimi mwembamba wa chuma uliopinda kichwani. Chomeka kebo taratibu huku ukitazama. Ule mpindo unatakiwa uangukie kwenye kijishimo kilicho nyuma ya ncha ya plagi na kuikaba, nawe uusikie mkononi ukibofya. Ikiwa unaning'inia, au unaigusa plagi kwa shida, umempata mkosaji wa ile sauti inayokatika kila ukigeuka. Chomoa plagi, kamata ulimi kwa koleo ndogo, uukunje ndani kidogo, milimita moja hivi, ujaribu tena. Sugua sehemu ya ulimi inayogusa plagi kwa pamba iliyolowa spiriti. Besi iliyotoka pwani mara nyingi utaikuta na ukungu wa kijani hapo, na pamba itatoka nyeusi.

Kisha angalia nati. Ikilegea, tundu zima huzunguka kila unapochomeka kebo, nyaya mbili za nyuma zinajisokota, na mwishowe mmoja unakatika kwenye lehemu. Mtu hukaza nati kwa nje bila kulishika tundu kwa ndani, na hivyo humalizia kuzikata mwenyewe. Lishike kwa ndani, ndipo ukaze.

Ina betri au haina?

Kampuni ya Fender ilipotoa besi ya Precision mwaka 1951 na ya Jazz mwaka 1960, umeme wake ulikuwa poti chache (vile vidude vinavyozungushwa chini ya vitufe) na kapasita, bila betri. Besi nyingi za mtumba, hata zenye majina usiyowahi kuyasikia, zimefuata ramani ya mojawapo ya hizo mbili. Mwaka 1976 kampuni ya Music Man ilitoa besi ya StingRay yenye saketi ya kukuza sauti (priampu) ndani ya mwili wa gitaa, ikitumia betri, na tangu hapo besi za aina hiyo zimejaa kila mahali. Ukiona kijisanduku cha betri mgongoni, au vitufe vya besi na trebo vinavyobofya katikati, unayo ya betri.

Dalili za betri iliyochoka zinafahamika: uzi wa E ukipigwa kwa nguvu sauti inachanika, kisha kila kitu kinafifia, kisha kimya. Betri mpya husoma volti 9 na kidogo juu yake. Ikiwa imeshuka chini ya 8, usiendelee kuchunguza kitu kingine chochote mpaka uibadilishe. Nunua ya alkalini. Zile za bei ya chini kabisa huisha upesi na huvuja. Ikishavuja, vibano vyake huota unga mweupe au wa kijani. Vya betri ya alkalini hufutwa kwa pamba yenye tone la siki, kisha spiriti, kisha vikauke kabisa.

Kuna siri moja kwenye besi hizi ambayo hata mafundi wazuri wa redio huikosa. Tundu lake lina miguu mitatu badala ya miwili, na mguu wa tatu hupokea waya mweusi wa betri. Plagi ya kawaida ikiingia, shina lake refu linaunganisha mguu huo na ule wa athi, na hapo betri inawaka. Yaani kebo yenyewe ndiyo swichi. Ukiiacha imechomekwa usiku kucha, betri inaliwa usiku kucha hata ampu ikiwa imezimwa. Na fundi akilitoa tundu bovu akaweka la miguu miwili, mambo mawili hutokea: ama besi inanyamaza kabisa, ama anazifunga nyaya pamoja na betri inakuwa inaliwa saa 24. Besi ya betri inayomaliza betri kwa siku chache bila sababu, angalia miguu ya tundu lake kwanza.

Mvumo

Stima yetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na mvumo unaousikia kwenye spika ni wimbi hilo na mawimbi ndugu zake. Kabla ya kulaumu gitaa, zima taa za chumba, chomoa chaja ya simu na ya laptopu, sogea hatua chache kutoka kwenye ampu, kisha jizungushe taratibu ukiwa umeishika besi. Mvumo ukipungua ukitazama upande fulani, pikapu yako inanasa kitu kilichomo chumbani. Milimani kuna adui mwingine: ua wa stima. Ukisikia “tiki… tiki… tiki” ya kujirudia karibu kila sekunde, hiyo ni mashine ya ua, mara nyingi kwa sababu nyasi au tawi limegusa waya. Hakuna pikapu ya kununua itakayoiondoa kelele hiyo. Fyekeni nyasi.

Sasa gusa nyuzi kwa kiganja, kwenye ampu yenye athi uliyoihakikisha. Mvumo ukipungua, waya wa athi wa daraja uko sawa na kinachohitajika ni kuikinga nafasi ya ndani. Usipopungua kwa kugusa nyuzi lakini ukapungua unapogusa chuma cha plagi, waya unaokwenda kwenye daraja umekatika au umelegea chini yake; hilo ni kosa la kawaida sana kwenye besi iliyowahi kufunguliwa daraja ili lisafishwe. Mvumo ukiongezeka unapogusa, kuna uwezekano mkubwa kwamba nyaya mbili za tundu zimebadilishana nafasi. Anayelehemu kwa haraka hufanya hivyo.

Mwenye besi ya mtindo wa Jazz ajue jambo moja ili asilie bure. Pikapu zake mbili zimezungushwa kinyume kila moja na mwenzake, na zikifunguliwa zote mpaka mwisho mvumo wa moja unafuta wa nyingine. Ukipunguza moja, mvumo unarudi. Huo si ugonjwa. Precision, ambayo tangu mwaka 1957 pikapu yake imegawanywa vipande viwili, hufuta mvumo yenyewe wakati wote, kwa hiyo Precision inayovuma sana ina kasoro ya kweli.

Kukinga ndani kunafanywa kwa utepe wa shaba unaobandikwa kwenye kuta za shimo la umeme na kuunganishwa na athi. Hakikisha vipande vinapitishiana umeme vinapokutana, kwa sababu gundi za aina fulani huzuia. Foili ya jikoni inaweza kusaidia lakini haishiki lehemu, na kipande kikilegea kikagusa mguu wenye sauti, besi itanyamaza ghafla katikati ya ibada.

Kanisani kuna mvumo wa aina nyingine: hautokei mpaka besi iunganishwe kwenye mikisa pia. Hapo ampu na mikisa zimeshika athi kwa njia mbili tofauti na umeme unazunguka kati yake. Dawa yake ni kisanduku cha DI (kinachounganisha besi na mikisa) chenye swichi ya kukata athi ya kebo ya sauti. Kukata athi ya plagi ya stima si dawa; tumeshaona mwisho wake.

Vitufe vinavyokwaruza

Chini ya kila kitufe kuna poti, kijisahani chenye njia ya kaboni na mkono mdogo unaoteleza juu yake. Vumbi la Nakuru ni laini mno, na Januari na Februari, kabla mvua haijarudi, huingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Likikaa juu ya kaboni, kila ukizungusha unasikia “kwaru-kwaru.”

Nunua kopo la dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme. Ile dawa ya kawaida ya kulegeza kutu, ambayo kila gereji inayo, si sawa na hiyo: huacha mafuta yanayokusanya vumbi zaidi. Vua kifuniko, tafuta upenyo mdogo juu ya miguu mitatu ya poti, ingiza kijirija cha kopo, puliza kidogo sana, kisha zungusha kitufe mwanzo hadi mwisho mara 20 au 30. Acha ikauke kabla ya kuchomeka. Mara nyingi kelele huisha hapo hapo. Ikirudi baada ya wiki, kaboni imelika, nayo poti hubadilishwa. Soma iliyoandikwa mgongoni: besi isiyo na betri yenye pikapu za koili moja kwa kawaida hutumia 250K, za koili mbili mara nyingi 500K, na mifumo mingi ya betri hutumia 25K. Ukiweka ya 25K mahali pa 250K, besi itasikika imefunikwa blanketi, na utaanza kulaumu pikapu tena.

Sauti iliyozibwa na sauti iliyokonda

Kitufe cha toni kina kapasita, kwa kawaida ya nanofaradi 47 au karibu na hapo, inayopeleka sauti kali kwenye athi unapokizungusha. Ukikizungusha na hakuna kinachobadilika, mguu mmoja wa kapasita umeachia. Ukikizungusha na sauti yote ikazimika kana kwamba ni kitufe cha volyumu, kapasita imeungana kwa ndani. Zote mbili zinatibiwa kwa kapasita mpya, ambayo ni miongoni mwa vitu vya bei ya chini kabisa kwenye duka la vifaa vya elektroniki.

Sauti iliyokonda ina kisa kingine. Kila pikapu peke yake ina mlio mnene, lakini ukizifungua zote mbili sauti nzito inatoweka na kubaki kitu cha puani. Hiyo ni dalili kwamba mtu alibadilisha pikapu moja na nyaya zake zikaunganishwa kinyume, hivyo zinashindana. Badilisha nafasi za nyaya mbili za pikapu moja tu. Kama ina kifuniko cha chuma kilichounganishwa na waya wake wa athi, mwachie fundi.

Kwenye Precision, kipande kimoja cha pikapu huhudumia nyuzi za E na A, kingine D na G, na vyote viwili vimeunganishwa kwa mfululizo. Kwa sababu hiyo kipande kimoja kikikatika waya, besi nzima hunyamaza. Kinapoungana kwa ndani, nyuzi zake mbili tu ndizo zinazofifia. Maelezo haya peke yake yatakuokolea safari ya kwenda mjini.

Hapa ndipo multimita inapolipa gharama yake. Kwenye besi isiyo na betri, huhitaji hata kuifungua. Chomeka kebo kwenye besi, fungua vitufe vyote, weka multimita kwenye kipimo cha omu, gusa ncha na shina la plagi ya upande wa pili. Precision nzima husoma karibu na omu 10,000. Kwa Jazz, shusha volyumu ya pikapu moja hadi sifuri na usome nyingine: utaona takriban 7,000 hadi 8,000. Kwenye Precision, ukisoma karibu na 250,000, unapima poti peke yake, maana pikapu imekatika au waya wake umeachia. Ukisoma sifuri, kuna mahali waya wa sauti unagusa athi, na mara nyingi ni tone la lehemu au uzi mmoja wa waya uliochomoza. Besi yenye betri haipimwi kwa njia hii, kwa sababu saketi yake inasimama katikati na kukudanganya.

Mambo yasiyo ya umeme

Nyuzi zilizokufa ndizo chanzo kikubwa kuliko vyote cha sauti iliyozibwa. Kanisa linaweza kupiga nyuzi zilezile kwa miaka. Sauti ikizibwa, badilisha nyuzi kabla ya kubadilisha kipuri chochote cha umeme. Wasio na uwezo kwa sasa huzichemsha kwa maji, wakazikausha vizuri, na kupata uhai wa siku chache.

Pikapu iliyopandishwa karibu mno na nyuzi huzivuta kwa sumaku, na nota inayumba na kukatika mapema. Bonyeza fireti ya mwisho na uache nafasi ya milimita 2 hadi 3. Kelele ya uzi kugonga fireti isiposikika kwenye ampu bali mkononi tu, ipuuze. Ikisikika, chuma cha ndani ya shingo kinahitaji kurekebishwa, robo mzunguko kwa siku, si zaidi. Na kwenye besi nyingi za mtindo wa Fender kuna nota inayokufa haraka kwenye uzi wa G, kati ya fireti ya 5 na ya 7. Hilo linatokana na mti wa shingo unavyotikisika, na hakuna fundi wa umeme atakayeliondoa.

Spika nayo ijaribiwe. Uzi wa E ulio wazi hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, na ampu ndogo ya mazoezi yenye spika ya inchi 8 haina uwezo wa kuutoa mtikisiko huo. Cheza “Sina Makosa” ya Les Wanyika kutoka kwenye simu kupitia ampu hiyo hiyo. Besi ya Tommy Malanga katika wimbo huo ni nene na ya duara, na yeyote aliyekulia Kenya anaijua masikioni. Ikisikika imekonda, ampu yako ndiyo imekonda.

Kwa fundi, na priampu ikifa kabisa

Fundi yeyote wa redio anaweza kulehemu besi, mradi umpe masharti. Apige picha nyaya kabla ya kuachanisha hata mmoja. Atumie risasi ya kulehemu ya elektroniki, na asitumie ile asidi ya mafundi wa mabati, ambayo hula shaba taratibu hata baada ya miezi. Mgongo wa poti unahitaji chuma chenye moto wa kutosha, wati 40 au zaidi, akigusishe kwa sekunde chache na kukiondoa. Chuma dhaifu kikikaa muda mrefu hupika poti kwa ndani. Mpe karatasi yenye dalili ulizoziona kwa mpangilio zilivyotokea, na matokeo ya multimita. Atafanya kazi nusu ya muda.

Hali inayowakatisha watu tamaa ni priampu ya besi ya betri iliyokufa kabisa, ambayo kipuri chake hakipatikani Nakuru wala Nairobi. Usiiuze besi kwa hasara kabla ya kuuliza swali moja: je, pikapu zake zinahitaji betri zenyewe? Kwenye mtindo wa StingRay na nyingine nyingi hazihitaji. Priampu tu ndiyo inayohitaji. Fundi anaweza kuiondoa, akapeleka waya wa pikapu kwenye poti moja ya volyumu ya 250K au 500K, akaongeza ya toni na kapasita ya nanofaradi 47, akaunganisha na tundu. Utapoteza vitufe vya kuongeza besi na trebo, na sauti itashuka kidogo, lakini utapiga Jumapili hiyo hiyo. Pikapu zenye saketi ndani yake, kama nyingi za kampuni ya EMG, haziwezi kufanyiwa hivyo, kwa maana bila betri hutoa sauti dhaifu mno au hazitoi kabisa. Utazitambua kwa waya wa tatu, kwa kawaida mwekundu, unaotoka kwenye pikapu yenyewe kwenda kwenye betri. Priampu ya zamani ifungwe kwenye mfuko na iwekwe ndani ya sanduku la besi, kwa sababu fundi atakayeijua anaweza kupatikana mwaka kesho.